Mahali Umbali Unapomwagwa

Siku hizo Lima ilikuwa karibu kuliko Machakos, na watu walikwishazoea. Mtu wa Kitengela akiwa na shughuli Machakos alitenga siku nzima, maana kuna msongamano, kuna lori limelala barabarani, kuna askari anayetaka kuona hili na lile. Lakini akiwa na shughuli Lima, ng'ambo ya bahari na ng'ambo ya bara zima lingine, kilomita elfu kumi na mbili na nusu hivi, alikunywa chai yake taratibu, akavaa viatu, akaenda. Dakika arobaini angani. Wahudumu wa ndege hawakuwahi hata kugawa karanga.

Mwadime Mwachofi alikwenda kila Jumanne, wala hakwenda kutembea. Alikuwa na maradhi ya damu kujila yenyewe, na mashine ya kuituliza ilikuwa huko Lima, kwingine hakuna. Kila mgonjwa alikuwa na saa yake kwenye mashine. Ukiikosa, ngoja wiki ijayo. Daktari alimweleza mkewe waziwazi, mlango ukiwa umefungwa: akikosa wiki moja, huenda akalala kitandani siku mbili tatu akaamka, na huenda asiamke. "Siwezi kukudanganya, mama," alisema. "Sijui."

"Umechukua sweta?" mkewe, Mshai, alimuuliza Jumanne hiyo wakiwa getini.

"Ya nini? Nakwenda na kurudi."

"Wiki jana ulirudi unatetemeka."

"Nilitetemeka kwa chakula chao. Samaki mbichi, Mshai! Samaki hajaona moto, wamemkamulia ndimu tu, wanakuambia karibu."

"Na aliyekulazimisha kumla ni nani?"

"Adabu ya mgeni." Mwadime akageuka kuwatazama kuku wake wanne waliokuwa wakichakura karibu na ua wa michongoma. "Yule mwekundu anataka kutaga. Usimsumbue."

Nusu ekari yao hiyo waliinunua pamoja, wakajenga nyumba ndogo yenye baraza, na hati ikaandikwa majina yao wawili. Kutoka getini hadi barazani ulikuwa mwendo wa mtu kumaliza kucheka mzaha mmoja. Mshai alimwangalia mumewe akipanda teksi, mifupa ya mabega imetokeza chini ya shati, akajiambia alivyojiambia kila Jumanne: jioni atarudi ana rangi usoni. Kisha naye akaenda kazini, kwa sababu bila yeye ndege ya mumewe isingefika popote.

*

Umbali haufi. Hilo ndilo jambo la kwanza Mshai alilofundishwa alipoajiriwa na Shirika la Mikunjo. Unaweza kuukunja umbali ulio kati ya miji miwili mpaka ndege ipite pale kama mtu anavyopita kutoka sebuleni kwenda jikoni, lakini ule ulioukunja lazima uumwage mahali. Mkunjo ukiwa wazi, ardhi uliyoimwagia hurefuka; mkunjo ukifungwa, umbali hurudi ulikotoka. Ila haurudi wote. Ukikamua nazi, tui linatoka na machicha yanabaki, na wafanyakazi wa Shirika waliuita umbali ule uliobaki machicha. Machicha hayaonekani. Unayajua kwa miguu.

Mwanzoni waliumwaga baharini. Meli zikaanza kuchelewa, matunda yakaoza melini, wenye meli wakaenda mahakamani na wakashinda. Basi Shirika likatafuta nchi kavu isiyo na mtu, likapiga picha kutoka angani, likapata uwanda mkubwa kaskazini, unaitwa Dida Bisan, usio na paa hata moja. Sheria ilitaka kidole cha mwenye ardhi. Mkubwa mmoja wa huko akaweka kidole chake kwenye kioo, mambo yakaisha. Tangu hapo mashine ikawa haikubali kumwaga popote ambapo mwenyewe hajaweka kidole, na hilo watu wa Shirika walijivunia sana, wakasema wao hawamwonei mtu.

Mshai ndiye aliyekuwa mmwagaji wa zamu ya asubuhi. Kazi yenyewe ilikuwa kufungua, kumwaga, kufunga, na kabla ya kufungua kuuliza. Maana sheria ilitaka pia kwamba kila safari mlinzi wa uwanda apigiwe simu ya upepo na athibitishe. Mlinzi alikuwa Mzee Jillo Wario, Mgabra wa huko kaskazini, sauti yake nzito na taratibu. Mshai hakuwahi kumwona, lakini walikuwa wamesalimiana miaka mitatu.

"Dida Bisan, hapa Mkunjo. Hujambo, mzee?"

"Sijambo, mama. Nairobi wazima?"

"Wazima. Mvua?"

"Bado."

"Uwanda?"

Hapo Mzee Jillo kila siku alijibu, "Hakuna kitu," na Mshai akafungua.

Leo akanyamaza.

"Mzee Jillo? Uwanda?"

"Kuna mtu," akasema mzee.

Mshai akaondoa mkono kwenye kitasa cha kufungulia mkunjo. Kwenye kioo mbele yake ndege ya Lima ilikuwa imekwisha kuruka, inazunguka juu ya Athi ikisubiri njia. Abiria wote walikuwa vitini, na mmoja wao bila sweta.

"Mtu gani, mzee?"

"Mke wa mwanangu. Qabale. Uchungu umemshika tangu jana asubuhi, mtoto amekaa vibaya. Wamemweka juu ya ngamia wanamleta huku zahanati, mimi niko hapa mlangoni pa zahanati. Ninawaona, mama. Vumbi lao lile pale. Tangu jana jioni ninawaona na hawafiki."

Mshai alijua mara moja, akatamani asijue. Machicha hupenda njia. Maji ya mvua hufuata mfereji, na machicha hufuata mahali palipokanyagwa. Kama huko Dida Bisan kulikuwa na njia, basi miaka mitatu ya safari za Lima na za miji mingine ilikuwa imelala juu ya njia hiyo.

"Zamani kutoka malishoni mpaka hapa mtu alikuja asubuhi akarudi ng'ombe wakiwa bado wanakunywa maji," mzee akaendelea. "Sasa bonde lile moja limekuwa mabonde. Kila ndege ikipita, linaongezeka. Leo alfajiri mwenzako wa usiku nilimjibu kama kawaida, ndege zikapita tatu, nikawaona wanarudi nyuma, na wao wanatembea mbele."

"Tuma helikopta! Piga simu wilayani!"

"Ilikuja. Nayo inaruka juu ya ardhi hiyohiyo. Mafuta yakafika nusu, ikarudi."

"Mzee wangu." Sauti ya Mshai ilikuwa imeanza kupanda. "Miaka mitatu unaniambia hakuna kitu! Kila siku nakuuliza!"

"Na wewe ukija kwangu ukaniuliza kuna chakula, nitakuambia hakuna kitu, na chungu kiko motoni. Mtu anajibu hivyo. Yule kijana wenu wa kwanza aliniuliza mko wangapi. Nikamwambia hatupo. Sisi hatuhesabu watu, mama. Ukimhesabu mtu umekionyesha kifo kwa kidole mahali alipo. Hata ngamia hatuhesabu. Akacheka, akaniajiri nilinde uwanda usio na watu. Nikajua ameelewa. Nani asiyeelewa jibu kama hilo?"

"Lakini picha hazikuonyesha nyumba."

"Nyumba zetu zinapanda ngamia. Siku walipopiga picha zilikuwa safarini."

Loo! Mshai akashika kichwa. Mtu mmoja kajibu kwa adabu, mwingine kasikia kwa haraka, na juu ya hapo ndipo dunia nzima ilipojenga barabara yake ya kwenda Lima.

"Sheria inataka idadi, mzee," akasema polepole. "Ili nisimamishe ndege, lazima uniambie ni wangapi."

Simu ikakwaruza muda mrefu. Mshai alifikiri mzee ameondoka. Kisha akamsikia anavuta pumzi.

"Haya. Leo nitahesabu. Qabale mmoja. Wanaume wanaomshika ni wanne, hao watano. Mkunga ni dada yangu, huyo wa sita." Sauti ikamkatika. "Na aliye tumboni nitamhesabu vilevile, Mungu anisamehe. Wa saba. Hii ndege isipopita, watafika kabla jua halijawa kali. Ikipita, hawafiki. Basi. Usinitake nihesabu zaidi."

*

Mkuu wa zamu alikuwa Onsare, mtu mnene mwenye huruma za kawaida, aliyeleta maandazi kila Ijumaa na kumuuliza kila mtu habari za watoto kwa majina. Alikuwa amesikia yote akiwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Usiposema neno, mimi sijasikia," akamwambia Mshai.

"Umesikia."

"Nimesikia mzee anayetaka nyongeza ya mshahara. Miaka mitatu hakuna kitu, leo ghafla ukoo mzima? Fungua njia, mama. Rubani anauliza."

"Nikisimamisha?"

"Unajua. Itabidi waende kwa injini, mwendo wa kizamani, watue kuongeza mafuta mara mbili. Watafika kesho." Onsare akaja karibu na kikombe chake, akashusha sauti. "Na mashine ya Lima haingoji mtu. Kiti cha kumi na mbili ni cha nani, Mshai? Niambie wewe mwenyewe."

Mshai akarudisha macho kwenye kioo. Nitakwambia ukweli wa moyo wake, kwa sababu yeye mwenyewe hakuuficha baadaye: kwa kitambo hicho alimchukia Qabale. Alimchukia mwanamke asiyemjua, kwa kupata mimba, kwa kuchagua Jumanne. Alimchukia na mzee kwa kuvunja mwiko wake leo badala ya kesho. Mzee angesema hakuna kitu, yeye angefungua, angekwenda nyumbani akapika, na Mwadime angerudi ana rangi usoni. Mkuki kwa nguruwe mtamu, nao walikuwa wameula utamu huo miaka mitatu, yeye na mumewe, kila Jumanne.

Kisha akamfikiria mtu aliyelala juu ya ngamia anaiona zahanati. Kufa mahali ambapo hakuna msaada ni jambo moja. Kufa ukiuona mlango, watu wako wanatembea na mlango unakwenda, na kumbe kuna mwanamke mwenzako ameketi Nairobi ameshika kitasa!

"Rubani anauliza mara ya pili," akasema Onsare.

"Mwambie azunguke tena."

"Mafuta yake—"

"Mwambie azunguke!"

Onsare akarudi nyuma. Miaka yote hakuwahi kumsikia Mshai akipaza sauti.

Mshai akaivuta ramani kwenye kioo. Akautoa uwanda wa Dida Bisan, mashine ikauliza: umwagwe wapi? Akaileta Kitengela, akashuka mpaka kwenye barabara yao ya vumbi, mpaka kwenye ua wa michongoma, mpaka nusu ekari yenye nyumba moja ndogo na baraza. Mashine ikauliza: kidole cha mwenye ardhi. Akaweka chake.

"Wewe!" Onsare alimwona, kikombe kikamponyoka. "Wewe mwanamke una akili? Hiyo ni nyumba yako!"

"Ndiyo. Kwa hiyo namwonea nani?"

"Kilomita elfu kumi na mbili kwenye nusu ekari! Machicha yote yatabaki humo, hayana pa kutawanyikia!"

"Hamna mtu ndani. Kuna kuku wanne." Alisema hivyo, akasikia jinsi neno hilo lilivyotoka, akarudia kwa sauti ndogo, "Nimewahesabu." Akafungua mkunjo.

Taa ya kijani ikawaka. Kule juu ya Athi ndege ikaingia na kutoweka, na Mwadime, kiti cha kumi na mbili, akaanza safari yake ya dakika arobaini akiwa hajui kitu. Mshai akakaa na mikono mapajani. Alijua kwamba huko Kitengela, ndani ya ua wa michongoma, bara zima na bahari yake vimelala kati ya geti na baraza, na jirani anayepita nje na mkokoteni wa maji haoni tofauti yoyote. Alipofunga, alifunga taratibu sana, ingawa kufunga taratibu hakupunguzi machicha hata kidogo.

*

Simu ya upepo ililia jua likiwa limepanda.

"Mkunjo, hapa Dida Bisan."

"Mzee! Wamefika?"

"Wamefika."

"Wote?"

"Usiulize hivyo, mama. Nilikwishahesabu mara moja, inatosha. Wamefika. Sikiliza."

Mshai akabana simu sikioni. Kwanza upepo, kisha watu wanaongea wote kwa pamoja lugha asiyoijua, kisha kwa mbali, kwa hasira, kitoto kinalia. Akalia na yeye. Onsare aliyekuwa anaokota vipande vya kikombe akageuzia uso wake ukutani.

"Na kesho?" Mshai akauliza, anajifuta pua. "Kesho kutwa? Mzee, akikupigia mwingine, utasemaje?"

"Nitahesabu. Nimekwisha kuanza, kifo kimekwisha kutuona. Nitahesabu mpaka wachoke."

Alipokata, Onsare akasema bila kumtazama, "Wakubwa wameniuliza nani alimwaga pasipo uwanda. Nimewaambia. Ningefanyaje? Kesho usije, Mshai. Na simu hii wanaikata leo. Wanasema mlinzi haaminiki tena, atawekwa mtambo wa kuangalia badala yake."

"Mtambo utaona nini?"

"Utatafuta paa tu." Akamsogezea mkoba wake. "Nenda nyumbani kabla bwana yako hajafika. Mimi ningependa kuwa na moyo wako, kweli, lakini nina watoto."

*

Safari za kurudi zilikunjwa na watu wa Lima, nao walimwaga kwao, jangwani huko. Nani alikuwa akiulizwa huko, na akijibu nini, Mshai hakuwahi kujiuliza mpaka alasiri hiyo akiwa amesimama getini kwake.

Geti lilikuwa lilelile, na kutu yake. Lakini ndani yake machicha yalikuwa yamebanana mpaka yakaonekana: ardhi ilikwenda, ikaenda, ikaenda. Ile michongoma ya kulia na ya kushoto ilinyooka ikapungua mpaka ikawa nyuzi. Mbali kabisa, juu ya mwinuko ambao jana haukuwapo, palikuwa na kitu cheupe kadiri ya kiberiti. Hiyo ndiyo nyumba yao. Huku karibu, kuku mwekundu alikuwa ametaga katikati ya nchi mpya na amelilalia yai lake bila wasiwasi wowote. Wale watatu hawakuonekana.

Teksi ikaja. Mwadime akashuka peke yake, bila kushikwa mkono, mashavu yana damu. Kila Jumanne akirudi alikuwa mzuri mpaka Mshai alimwonea haya, kama siku za uchumba.

"Nimemla tena!" akatangaza. "Yule samaki. Unajua ukimzoea si mbaya? Nimeleta na ndimu zao." Akatazama juu ya geti. Akacheka. "Mshai, nani amesogeza nyumba?"

"Mimi."

Akamweleza yote, wamesimama hapohapo, yeye akiwa ameshika chuma cha geti. Alimweleza habari za Qabale, za kuhesabu, za kidole. Alimweleza hata chuki yake, kwa kuwa hakujua jinsi ya kueleza mengine akaiacha hiyo. Mwadime alisikiliza akiwa ameshika mfuko wa ndimu kifuani. Alipomaliza, Mwadime akaitazama tena ile nyumba.

"Kila Jumanne?" akauliza.

"Kila Jumanne. Na siku nyingine kwa watu wengine."

"Na mimi nalalamika samaki."

"Ulikuwa hujui, Mwadime."

"Sasa najua." Akanyoosha kidole kwenye kile kiberiti cheupe. "Hati ina majina mawili. Kidole changu kilikuwa wapi?"

"Ulikuwa angani."

"Ningekuwa chini ungeniuliza?"

Mshai angeweza kumdanganya. "Nisingekuuliza," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu najua ungesemaje."

Mwadime akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha Mshai zaidi ya kitu kingine chochote siku hiyo. Akafungua geti, akamwekea mlango wazi mkewe apite kwanza, wakaingia. Walitembea. Kuku mwekundu akawatazama wakimpita. Walitembea mpaka Mwadime akavua viatu, wakatembea tena, na mtu akigeuka nyuma geti lilikuwa dogo, na mbele nyumba haikuwa kubwa.

"Alitembea hivi," akasema Mwadime akihema. "Na mtoto amekaa vibaya."

"Alibebwa."

"Waliombeba basi." Akasimama kupumua, mikono kiunoni. "Jumanne ijayo watamwaga wapi?"

"Naweza kuwaomba wamwage hapa tena. Kidole ni changu. Nyumba na iende hata ifike Voi, nitajenga kibanda hapo getini, tulale humo, tupike humo, nyumba ya nini? Kila wiki hapa, Mwadime, mpaka upone."

"Kiti cha kazini ni chako bado?"

Mshai akageuka kutazama nyuma, getini.

"Mshai. Kiti ni chako?"

"Wameniambia nisije."

"Basi watamwaga wapi?"

Upepo ulikuwa ukivuma ndani ya nusu ekari yao, upepo wa nchi pana, na hakuna aliyewahi kuusikia hapo. Mwadime alimshika bega kwa ule mkono wake uliojaa damu mpya, yenye joto.

"Jumanne ijayo siendi," akasema.

"Usiseme hivyo."

"Siendi, mke wangu."

"Daktari mwenyewe alisema hajui! Akasema huenda—" Akamshika shati, akamtikisa, mtu ambaye asubuhi aliogopa hata kumkumbatia kwa nguvu. "Nimefanya yote haya ili urudi! Nimeitoa nyumba, nimeitoa kazi, nimekurudisha, halafu unaniambia huendi? Ningemwaga huko huko kwao basi! Ningefungua tu, ningenyamaza, ungerudi umeshiba samaki na usingejua kitu!"

"Ungeweza?"

Mshai akalia mpaka akachuchumaa. Mwadime akachuchumaa naye, magoti yakamlia, akamngojea. Hakumbembeleza wala hakumwambia nyamaza. Alipotulia akamwinua.

"Twende. Nikifika ndani nitampigia daktari simu nimwambie ampe mwingine saa yangu. Mambo kama hayo mtu huyasema akiwa amekaa kwenye kiti chake, siyo huku porini."

Wakashikana mikono wakaendelea kupanda ule mwinuko. Jua lilikuwa bado juu. Baada ya kitambo nguzo za baraza zikaanza kuonekana, kisha kiti cha Mwadime chenye mto wa bluu, kisha simu mezani kando yake. Mshai alipoiona simu akapunguza mwendo. Mwadime aliona, naye akapunguza wake.